Jiko la Wazee Halipimwi kwa Kung'aa

Septemba 1985, katika mji wa London, ule ulioko jimbo la Ontario nchini Kanada, wazee waliokuwa wakitunzwa katika makao mamoja walianza kuharisha damu. Makao hayo yalikuwa na wakazi 169. Waliougua walikuwa 55, na 19 kati yao wakafariki dunia. Wafanyakazi 18 kati ya 137 nao walishikwa na tumbo. Aliyeleta maafa hayo ni bakteria anayeitwa E. coli O157. Madaktari waliouchunguza mlipuko huo, ambao taarifa yao ilichapishwa mwaka 1987 katika jarida la New England Journal of Medicine, walielekeza kidole kwenye mlo wa sandwichi.

Sandwichi ni mkate, kitu cha kuweka katikati, na mikono ya mtu. Ikishapangwa haipiti tena motoni. Chochote kilichoangukia juu yake kutoka kwenye ubao, kisu au kiganja, kinakwenda nacho mpaka mezani.

Kisa hiki ni cha zamani, lakini sijaona kingine kinachotuonyesha wazi kiasi hiki tunakokosea. Likizungumzwa suala la usalama wa chakula, mawazo yetu hukimbilia uchafu unaoonekana: inzi, masizi kwenye sufuria, sakafu inayonata. Mkaguzi akiingia jikoni anaangalia kama vigae vinang'aa, kama wapishi wamevaa kofia na aproni, kama kuna cheti ukutani. Jiko likipita hapo, limepita. Huo ni mtihani wa macho, na wanaoua wazee hawaonekani kwa macho. Swali la kuuliza katika jiko la wazee ni jingine kabisa: chakula kikishaiva, kinaguswa na nini, na nani, mpaka kifike mdomoni?

Kuna atakayesema mambo ya makao ya wazee ni ya Wazungu, sisi tunawatunza wetu nyumbani. Asikimbilie kufunga gazeti. Ndugu zetu wengi walioko Marekani, Uingereza na Kanada wanaishi kwa kazi hii hii. Mtaani tunasema wamekwenda kubeba boksi. Ukweli ni kwamba wengi wanabeba wazee. Wanawaogesha, wanawabadilisha nepi, wanawalisha, na baadhi yao ndio wanaosimama jikoni saa kumi na moja alfajiri kukoroga uji wa shayiri. Na huku kwetu makazi ya wazee yapo, kuanzia Nunge pale Kigamboni, Sebleni na Welezo kule Unguja, hadi Mji wa Huruma jijini Nairobi. Maisha yanavyokwenda, na watoto wanavyotawanyika, yataongezeka.

Tuanze na mwili wenyewe. Kijana wa miaka 25 akila kuku aliyekatwa kwa kisu kichafu atashinda chooni siku mbili, atakunywa maji ya chumvi na sukari, na Jumatatu yuko kazini. Mzee wa miaka 85 ana habari nyingine. Tindikali ya tumboni, ambayo ingewaua wadudu wengi kabla hawajafika utumboni, huenda imepungua kwa umri, na mara nyingi inapunguzwa zaidi na vidonge vya kiungulia anavyomeza kila asubuhi. Kinga imechoka. Figo zinajikongoja. Akianza kuharisha, upungufu wa maji unamfikia kabla ya daktari. Katika mlipuko ule wa Kanada, walioelekea zaidi kuugua kutokana na chakula walikuwa wale wenye umri mkubwa zaidi na wale waliowahi kufanyiwa upasuaji wa kuondolewa tumbo. Na E. coli O157 haihitaji jeshi kubwa: inakadiriwa kwamba bakteria wasiofika mia wanatosha kumlaza mtu. Mia moja hawajazi hata ncha ya sindano.

Kwa hiyo kipimo cha "mbona sisi tulikula na hatukuumwa" hakifai katika jiko hili. Mpishi anaweza kuonja kila sufuria akarudi nyumbani mzima, huku chumba namba nne mtu anakata roho.

Jambo la pili ndilo linaloshangaza watu wasiowahi kuingia katika majiko haya. Chakula cha wazee huguswa sana baada ya kuiva kuliko chakula cha hoteli. Hotelini kuku anatoka jikoni, anawekwa kwenye sahani, analiwa. Kwenye makao ya wazee kuku akitoka kwenye oveni safari ndiyo kwanza inaanza. Wakazi wengi hawana meno, au wamepata kiharusi na koo halimezi sawasawa. Chakula kikienda njia ya hewa, kinaleta nimonia. Ndiyo maana kuna viwango vya kimataifa vya ulaini wa chakula na uzito wa vinywaji, vinavyojulikana kwa jina la IDDSI, kuanzia ngazi ya 0 hadi ya 7. Ngazi ya 4 ni chakula kilichosagwa kikawa laini kabisa: ukiinamisha kijiko, kinatakiwa kianguke kwa bonge moja bila kung'ang'ania.

Basi simama jikoni saa tano asubuhi uangalie. Kuku ameiva, kipimajoto kimechomekwa kwenye paja kikasoma nyuzi 75, kila mtu ameridhika. Sasa anatolewa mifupa, kwa mikono. Nyama inatiwa kwenye blenda pamoja na mchuzi, inasagwa, inachotwa kwa upawa, inawekwa kwenye vikombe vya kukipa chakula umbo. Blenda inasuuzwa kwa maji ya bombani, inaingia nyama ya ng'ombe. Inasuuzwa tena, zinaingia karoti. Ukifungua chini ya lile jagi utakuta visu, na chini ya visu kuna mpira wa duara, na kandokando ya mpira kuna nyuzi za kufungia. Humo ndimo mabaki ya jana hukaa. Ukilitazama jagi kwa nje, ni kioo kisafi kabisa. Mkaguzi wetu wa vigae angeliandikia alama zote.

Kwa maoni yangu, blenda ndiyo chombo cha hatari kuliko vyote katika jiko la wazee, na ndicho kinachozungumzwa kidogo kuliko vyote. Vitabu vya mafunzo vimejaa habari za kisu na ubao. Kisu na ubao vina uso wa wazi, unaweza kuvisugua. Blenda, mashine ya kukatia nyama vipande vyembamba na mashine ya kusagia nyama zina matumbo. Zinatakiwa kufunguliwa kipande kwa kipande, zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, zitiwe dawa ya kuua vijidudu, dawa iachwe muda wake, zikaushwe. Kazi hiyo haifanyiki kati ya kuku na karoti kama jikoni yuko mtu mmoja na chakula kinatakiwa mezani saa sita. Jawabu ni majagi mawili au matatu, na chakula kilichosagwa kurudishwa motoni hadi kichemke vya kutosha kabla ya kwenda mezani. Jagi la ziada si ghali ukilinganisha na dripu na kitanda cha hospitali.

Kanada walijifunza habari za matumbo ya mashine kwa machozi, mwaka 2008. Kampuni kubwa ya nyama, Maple Leaf, ilitoa katika kiwanda chake cha Toronto nyama za kukatwa vipande zilizokuwa na listeria. Bakteria walikuwa wamejichimbia ndani kabisa ya mashine za kukatia, mahali ambapo usafi wa kawaida haukufika. Uchunguzi ulioongozwa na Sheila Weatherill, uliotoa ripoti mwaka 2009, ulihesabu vifo 22. Wengi wa waliougua walikuwa wazee, na sehemu kubwa ya nyama hiyo ilikuwa katika pakiti kubwa zilizofungwa mahsusi kwa ajili ya hospitali na makao ya wazee. Hapo ndipo lilipolala jambo la kutisha. Nyama ilitoka kiwandani imeshapikwa, na jikoni kazi ilikuwa kufungua pakiti na kuweka kwenye mkate, basi. Listeria ana tabia nyingine mbaya: baridi ya friji inayowapoza wenzake yeye haimzuii, anaendelea kuzaliana polepole. Na mtu anaweza kuugua wiki nyingi baada ya kula, wakati hakuna anayekumbuka alikula nini.

Uskochi wao walikuwa wameonja miaka 12 kabla. Novemba 1996, katika mji wa Wishaw, wazee wa kanisa moja walikaribishwa chakula cha mchana. Nyama ilitoka bucha la mtaa huo huo, bucha lenye sifa, lililokuwa limetunukiwa tuzo mwaka ule ule. Mlipuko wa E. coli O157 uliotokana na bucha hilo ulihusishwa na vifo vya watu 21, karibu wote wazee, na miongoni mwao walikuwemo wakazi wa makao ya wazee. Profesa Hugh Pennington, aliyeongoza uchunguzi, alipendekeza jambo ambalo mtu yeyote angeliona la kawaida: nyama mbichi na iliyoiva zisikutane. Sehemu zitengwe, vyombo vitengwe, na ikiwezekana hata watu watengwe. Bucha lile halikuwa chafu kwa maana yetu ya mtaani. Lilikuwa na wateja wanaolipenda na tuzo ukutani. Lililokosekana ni mpaka kati ya kibichi na kilichoiva.

Ungedhani somo limeeleweka. Mwaka 2005 Wales Kusini walipata mlipuko mwingine wa bakteria huyo huyo, safari hii katika chakula cha shule, na mtoto wa miaka 5 akafa. Mashine moja ya kufungia nyama kwenye mifuko isiyo na hewa ilikuwa ikitumika kwa nyama mbichi na kwa nyama iliyopikwa. Pennington aliitwa tena kuchunguza. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula ya Uingereza ikatoa mwongozo mkali: mashine ngumu kusafishwa, kama ile ya mifuko, ya kukatia vipande na ya kusagia, zisitumike kwa vyote viwili, hata ukidai umeziosha. Mimi nakubaliana nao kabisa. Kuna watu waliolalamika kwamba biashara ndogo haziwezi kununua mashine mbili. Asiyeweza kununua mbili anunue moja na achague itumike kwa kipi. Nyama iliyoiva inaweza kukatwa kwa kisu, kama walivyokata wazazi wetu.

Nataka kusema kidogo kuhusu rangi za ubao, maana huko Uingereza zimekuwa kama dini. Mwekundu wa nyama mbichi, wa buluu wa samaki mbichi, wa njano wa nyama iliyoiva, wa kijani wa kachumbari na matunda, wa kahawia wa mboga za kumenywa, mweupe wa mkate na maziwa. Mpangilio mzuri. Tatizo linakuja saa sita kasorobo, mwekundu umeloa kwenye karo, chakula kimechelewa, mpishi ananyoosha mkono anachukua wa njano. Hakuna aliyeona. Ukimwekea mwenye haraka masharti kumi atatimiza manne. Kinachosaidia zaidi ni saa: nyama mbichi yote ikatwe asubuhi mapema, itiwe kwenye masufuria, meza na karo vioshwe na kutiwa dawa, aproni ibadilishwe, mikono ioshwe, ndipo kachumbari ishikwe na mkate ukatwe. Mwenye jiko dogo lenye meza moja anaweza kufanya hivyo bila kununua chochote. Anahitaji tu ratiba na mtu wa kuisimamia.

Na friji ifuate utaratibu huo huo: mbichi chini, iliyoiva juu. Nimeona majiko ya watu wenye vyeti, kuku wa barafu amewekwa rafu ya juu ayeyuke taratibu, tone kwa tone, juu ya bakuli la saladi ya matunda ya kesho.

Hapa lazima tuguse jambo letu wenyewe. Sisi watu wa Pwani, na bara pia, kuku asiyeoshwa hatumli. Anaoshwa kwa ndimu, kwa siki, kwa chumvi, anasuuzwa mara tatu mpaka maji yawe meupe. Mpishi wetu akienda kufanya kazi ughaibuni na kuambiwa usioshe kuku, anaona ameingia kwa watu wachafu. Mwaka 2019 wizara ya kilimo ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti uliowaweka watu wa kawaida jikoni, wakapika kuku na kutengeneza saladi huku wakitazamwa. Kati ya waliomwosha kuku, asilimia 60 waliacha bakteria kwenye sinki, na asilimia 26 walihamisha bakteria mpaka kwenye majani ya saladi. Maji yanayoruka hayaonekani yanakotua.

Lakini matokeo hayo yana upande wa pili ambao wahubiri wa "usioshe kuku" huupita haraka. Hata kati ya wale ambao hawakumwosha kuku, asilimia 31 walifikisha bakteria kwenye saladi. Wao hawakurusha maji. Yaelekea walishika kuku, wakafuta mikono kwenye aproni, wakafungua bomba, wakaokota jani. Kwa hiyo anayemgombeza bibi kwa ndimu yake, naye akashika simu kwa mkono uliotoka kwenye kuku, hajamshinda bibi. Asiyeweza kabisa kuacha kuosha, basi amwoshe kuku kwenye beseni lenye maji kidogo, sinki lisiwe na kitu kingine, na akimaliza asugue sinki na kando zake kabla ya kushika kitu chochote. Katika jiko la wazee, hata hivyo, ningepiga marufuku. Moto ndio unaosafisha nyama. Ndimu ni ya ladha.

Vipo vitu viwili vidogo vinavyopewa heshima visiyostahili. Cha kwanza ni kitambaa cha kufutia meza, kile kimoja kinachoning'inia begani tangu alfajiri. Kinafuta damu ya nyama, kinafuta ukingo wa sahani, kinafuta kikombe cha mgonjwa. Kitambaa cha karatasi kinachotupwa ni bora. Cha nguo kichemshwe kila siku na visiwe viwili tu jiko zima. Cha pili ni glavu. Glavu zinampa mtu ujasiri wa bure. Mwenye mikono mitupu akishika kuku anasikia utelezi, ananawa. Mwenye glavu hasikii, anaendelea: mpini wa friji, kopo la chumvi, uso wake, mkate. Glavu zenye damu ya kuku ni sawa na mkono wenye damu ya kuku.

Na mayai. Julai 1987, katika hospitali moja ya jiji la New York, wagonjwa 404 kati ya 965 waliugua salmonela, tisa wakafa. Chanzo kilikuwa mayonezi iliyotengenezwa hapo hapo kwa mayai mabichi. Kwa wazee yai liive mpaka kiini kigande, au litumike lile lililokwisha kupashwa moto kiwandani. Sina zaidi ya kusema hapo.

Tumemaliza habari za vyombo. Tuje kwa watu, maana ule mlipuko wa London ya Kanada haukuishia kwenye sandwichi. Wachunguzi waliona mawimbi mawili. La kwanza lilielekea kutoka kwenye chakula. La pili lilikuja baadaye, likapita mtu hadi mtu, ndani ya nyumba yenyewe. Yaani hata sandwichi zilipokwisha kuliwa, ugonjwa uliendelea kutembea.

Fikiria siku ya mtunzaji wa zamu ya asubuhi. Ana wakazi wanane au kumi. Anambadilisha mmoja nepi, anampeleka mwingine chooni, anamvalisha wa tatu. Saa mbili kifungua kinywa kimefika, wawili hawawezi kujilisha, anakaa kati yao na vijiko viwili. Simu ya dharura inalia chumba cha pembeni. Anarudi, anashika kijiko. Mikono ile ile. Katika nyumba za namna hii, jiko haliishii kwenye mlango wa jiko, linaendelea mpaka kwenye kijiko cha mwisho. Ukaguzi unaoishia kwenye oveni umekagua nusu tu.

Juu ya hapo kuna norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha ambacho kinapenda makao ya wazee kuliko mahali pengine popote. Marekani zaidi ya nusu ya milipuko yake inayoripotiwa hutokea katika nyumba za huduma ya muda mrefu. Kitakasa mikono cha spiriti, ambacho tangu korona tumekifanya dawa ya kila kitu, hakimuwezi vizuri. Anayemuweza ni maji yanayotiririka na sabuni. Ndiyo maana kanuni ya nchi nyingi ni kwamba mfanyakazi wa jikoni aliyeharisha au kutapika asirudi kazini mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Anaweza kujisikia mzima kabisa saa ya 20 na bado anatoa virusi.

Kanuni hiyo imebandikwa ukutani katika majiko mengi. Sasa muulize mfanyakazi nani atamlipa siku hizo mbili. Marekani haina sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kumlipa mfanyakazi anapougua. Baadhi ya majimbo yametunga zao, kama Massachusetts tangu 2015 na Minnesota tangu Januari 2024, na haya ni majimbo yenye ndugu zetu wengi. Kusiko na sheria kama hizo inategemea huruma ya bosi. Mama anayelipwa kwa saa, mwenye kodi ya nyumba mwisho wa mwezi na karo ya mtoto Moshi au Kisii, akiamka na tumbo la kuendesha atafanya nini? Atameza kidonge cha kufunga tumbo na kwenda kazini. Hatasema. Wenye viza iliyofungwa kwa mwajiri mmoja wana sababu zaidi ya kunyamaza. Nasi huku, mpishi wa kibarua anayelipwa kwa siku yuko katika hesabu hiyo hiyo.

Huyu mama si mzembe. Amepiga hesabu sawasawa na jibu limetoka hilo. Mwenye makao anayetumia fedha kununua mbao za rangi sita halafu anamkata mshahara mpishi anayeharisha, amefunga dirisha akaacha mlango wazi. Kama ningepewa kuchagua sharti moja tu la kuandikwa katika leseni ya kila nyumba ya wazee, Dar es Salaam au Dallas, ningechagua hilo: mtu wa jikoni na mtu wa kulisha wakiumwa tumbo, walale nyumbani na walipwe.

Kwetu kuna jambo moja la ziada, nalo nalisema kwa adabu kwa sababu linatokana na wema. Tunapenda kuwatembelea wazee kwenye makazi tukiwa na chakula. Wanafunzi wanakuja, vikundi vya kina mama vinakuja, wafanyakazi wa ofisi wanakuja na fulana zao, Ramadhani futari inapelekwa. Pilau limepikwa saa tatu asubuhi, likatiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, likapandishwa kwenye gari, likasubiri hotuba, likasubiri picha, linaliwa saa nane. Kachumbari ilikatwa na nani, juu ya ubao gani, hakuna ajuaye. Chakula kilichoiva hakitakiwi kukaa kwenye joto letu zaidi ya saa mbili, na kwenye jua la Februari hata hizo ni nyingi. Bora tupeleke mchele, maharage, mafuta, sabuni ya kunawia, mitungi ya gesi, nepi, na fedha ya kununulia kuku siku ya kupika. Anayetaka kula na wazee aende mapema apike nao pale pale, ale kikiwa cha moto.

Na wewe msomaji unayetafuta makao ya kumweka mama au baba, au unayeomba kazi katika nyumba ya namna hiyo, usivutwe na bustani mbele wala televisheni kubwa sebuleni. Omba uingie jikoni saa tano asubuhi. Mwambie mpishi aifungue blenda mpaka chini, utazame chini ya mpira. Angalia kilichowekwa rafu ya juu ya friji. Hesabu masinki, uone kama lipo la kunawia mikono peke yake na kama lina sabuni. Halafu msubiri msimamizi aende zake, umuulize mfanyakazi kwa sauti ya chini: wiki hii ukiharisha, utalipwa? Akicheka tu bila kujibu, mchukue mzee wako mwende nyumba nyingine.